Bonde Katika Mchoro wa Mwese

Vijana wangu wa kituo,

Siku ya kuniaga mliniomba niandike mambo ya kazi ambayo hayamo kwenye mafunzo. Sasa nimekaa kibarazani kwangu Makanyagio, hapa Mpanda, sina waya wa kufunga wala jenereta ya kuipigia magoti, kwa hiyo kisingizio sina. Nani alipandishwa cheo na nani alilipwa nini sitaandika. Hayo mnasimuliana wenyewe vizuri kuliko mimi, tena kwa chumvi zaidi.

Kazi nilianzia hapa hapa Makanyagio, kwenye kibanda cha fundi redio aliyeitwa Mzee Sudi. Nilikuwa nimemaliza shule na sijui kushika hata bisibisi, lakini nilijiona fundi kwa sababu nyumbani niliwahi kuunga waya wa tochi ikawaka. Siku ya kwanza mteja aliacha redio inayokoroma. Nikaipindua, nikaanza kufungua skrubu za nyuma. Mzee Sudi akaninyang'anya bisibisi.

"Umeisikiliza?"

"Imeharibika, mzee."

"Sijakuuliza kama imeharibika. Nimekuuliza umeisikiliza?"

Akaniketisha mbele ya ile redio mpaka adhuhuri huku wapita njia wakinicheka. Nilijifunza kwamba kuna mkoromo wa spika iliyochanika, kuna wa betri zilizovuja, kuna wa waya ulioliwa na panya. Halafu kuna mvumo mmoja laini, kati ya stesheni na stesheni, ambao hata redio iliyotoka dukani leo unao. Nilimwuliza huo unatengenezwaje. Akasema, "Huo si wa kwetu. Huo unatoka juu." Nilidhani ameingiza mambo ya dini. Miaka mingi baadaye nilimsikia profesa akieleza mambo hayo hayo kwa michoro: sehemu ya mvumo ule kweli inatoka angani, kwenye kundi letu la nyota. Mzee Sudi alikuwa ameshafariki. Mpaka leo nasikitika kwamba sikuweza kumpelekea habari hiyo.

Kutoka kibandani nilichukuliwa kutunza redio za upepo za zahanati na vituo vya askari wa wanyamapori. Simu za mkononi zilikuwa bado hazijatuzoea, na mjamzito akizidiwa kijijini, redio ndiyo iliyoita gari. Nilizunguka Katavi yote kwa pikipiki, na pale pikipiki iliposhindwa tulipanda mimi na sanduku la vifaa, sanduku likiwa kichwani. Adui zangu walikuwa radi, mchwa na nyuki. Nyuki hupenda sana kujenga kwenye kisanduku cha antena, na hakuna mwongozo wa kiwanda unaoeleza ufanye nini. Ninyi mnaolalamikia programu kugoma hamjawahi kupanda mlingoti wenye mzinga juu yake.

Simu zilipoenea, redio za upepo zikaanza kupoa moja moja, nami pamoja nazo. Ndipo wakaja watu wa mradi. Walikuwa wakitafuta mtu anayejua antena na anayeijua milima ya Mwese, na wenye sifa hizo mbili hatukuwa wengi wa kupigania foleni.

Profesa aliyeongoza mradi, mgeni mpole kutoka ng'ambo, alinieleza kazi yenyewe tukiwa tumekaa juu ya jiwe. Nawaandikia nilivyoelewa mimi, maana najua baadhi yenu mnafunga waya bila kujua mnamfungia nani. Hapo mwanzo wa ulimwengu, kabla ya nyota, palikuwa na gesi, nyingi yake haidrojeni. Haidrojeni ina mlio wake wa redio, mmoja tu, haubadiliki. Lakini ulimwengu umekuwa ukitanuka siku zote, na mlio uliotoka zamani hizo umevutwa njiani mpaka ukawa mnene. Nyota za kwanza zilipowaka, ile gesi ilianza kumeza kidogo mawimbi yaliyopita ndani yake. Ukipima vizuri, kwenye mchoro wa mawimbi utaona mstari unadidimia kidogo halafu unapanda tena. Sisi kituoni tukauita mdidimio huo "bonde". Anayeliona bonde ameona alfajiri ya nyota.

Tatizo ni kwamba mlio huo, baada ya safari yote hiyo, unatua pale pale zinapopiga redio zetu za FM. Ukiusikiliza Mpanda mjini utapata Bongo Flava na matangazo ya sabuni. Ndiyo maana walitaka Mwese, nyuma ya milima, pasipofika FM yoyote. Hata pakiwa kimya hivyo, mvumo wa kundi letu la nyota unalizidi bonde maelfu ya mara. Ni kama kumsikiliza mtoto anayenong'ona ndani ya mashine ya kusaga.

Eneo tuliloomba lilikuwa mwamba mpana, tambarare, juu kidogo ya kijito. Mkutano wa kijiji ulituuliza maswali ya haki kuhusu njia, maji na ajira. Mwenyekiti alipouliza kama kuna mwenye matumizi na mwamba ule, wanaume wakatazamana, wakasema pale hapalimwi, ni jiwe tu. Wanawake walikuwepo wachache, wamekaa nyuma, na hakuna aliyegeuka kuwauliza. Tukapiga makofi, tukapewa mwamba.

Tulijenga antena katikati, na chini yake tukatandaza wavu mkubwa wa waya ili kinachopimwa kiwe anga, si ardhi. Kwa vile mwamba haukuwa sawa kabisa, tuliuinua wavu juu ya miguu mifupi, ukanyooka. Niliupenda wavu ule. Uzio ulikuwa wa miti na miiba, maana uzio wa chuma ungetuharibia vipimo. Chumba cha mashine tulikiweka mbali, nyuma ya kilima, pamoja na geti na mlinzi wetu, kwa sababu kompyuta nayo ina kelele zake. Na kanuni ya kwanza ya kituo ikawa kwamba vipimo vikianza, mtu asikanyage kule. Hakuna simu, hakuna pikipiki, hakuna kamera. Kiangazi chote antena ilibaki peke yake na Mungu wake.

Pendo alijiunga nasi wakati huo. Ninyi mnamwita Daktari, tena mnasimama akiingia. Mimi nilimpokea akiwa mwanafunzi anayetafuta hiyo shahada, binti wa Ilembo, wa familia ya Kisukuma iliyohama na ng'ombe kutoka kaskazini. Haya ninayoandika sasa nimemwomba ruhusa. Akasema, "Andika, baba, ila usiniongezee ushujaa."

Siku yake ya kwanza alitazama uzio wetu wa miiba akacheka. "Huu hauzuii ng'ombe wa kwetu," akasema. "Wekeni kibao." Yeye mwenyewe ndiye aliyechora kile kibao cha kwanza: ng'ombe mwenye nundu, amepigwa mstari mwekundu. Wafugaji wakakiheshimu. Hatukuona ng'ombe hata mmoja ndani, tukajipongeza.

Tulishinda tukiwinda kelele. Kuna kipindi mchoro ulichafuka kila Jumapili asubuhi, ukatakata mchana. Tulizunguka na kipokezi begani mpaka tukafika kanisani, ambako kifaa cha sola cha kuendeshea kinanda kilikuwa kikipiga kelele ambazo sikio la binadamu halizisikii. Mchungaji aliuliza kama tunataka kuzima sifa za Mungu. Pendo akamjibu, "Hapana, mchungaji. Tunasikiliza kazi yake ya kwanza, sasa kinanda kinamkatiza." Akakubali tukifunge ndani ya kisanduku cha bati, nami nikakifunga kwa adabu zote.

Mwaka uliofuata, kiangazi, bonde likatokea.

Nakumbuka Pendo alivyoniita chumbani bila kusema sababu. Mchoro wa wastani wa wiki nyingi ulikuwa kwenye kioo, na mstari ulishuka, ukakaa, ukapanda, mahali palepale ambapo vitabu vilisema huenda ungeshuka. Nilikuwa nimefunga kila waya wa mtambo ule. Niliona aibu kulia mbele ya binti, nikatoka nje kukagua jenereta iliyokuwa nzima.

Profesa alipopelekewa mchoro alipiga simu papo hapo kutupongeza. Makala ikaanza kuandikwa. Kumbukeni Pendo alikuwa wapi wakati ule. Ufadhili wake ulikuwa ukingoni, na mpaka hapo hakuwa na matokeo yoyote ya kuonyesha. Sehemu nyingine za dunia walikuwepo watu wanaotafuta bonde lile lile, na anayetangaza wa pili hana wa kumsikiliza. Bonde lile ndilo lililosimama kati yake na kurudi Ilembo mikono mitupu.

Lakini badala ya kushangilia alirudi kwenye kompyuta. Alianza kuukata ule wastani, akatazama siku moja moja. Siku moja aliniita tena, akanionyesha michoro iliyopangwa.

"Ona hapa, baba. Bonde linakuwa na kina, halafu linapungua, linapungua, karibu linaisha. Halafu ghafla linarudi na kina chake."

"Unyevu kwenye kiungo cha waya," nikasema bila kusita. "Umande unaingia, jua linakausha."

"Umande ni wa kila asubuhi. Hili linachukua karibu wiki kukauka."

"Sasa wewe unafikiri ni nini?"

"Sijui. Ila nyota za kwanza hazikauki."

Akaomba tusimamishe vipimo twende mwambani. Profesa alimwambia kwa upole kwamba makala iko tayari, wengine hawalali, na tofauti ya siku kwa siku inaweza kuwa bahati tu ya vipimo. Kisha akasema, "Kazi ni yako. Uamuzi ni wako pia." Pendo alikata simu. Halafu akaniambia nichukue spana.

Nilipanda nikiomba iwe ni kiungo cha waya. Kiungo kinakazwa, kinafungwa vizuri, na bonde la kweli linaweza likabaki. Nilibeba testa, gundi na kila kitu cha kuponya kiungo. Tulipoukaribia mwamba, kabla hatujaona chochote, tulisikia harufu. Mtu yeyote wa Katavi anaijua harufu ya mihogo iliyotoka kulowekwa. Pendo alisimama. 

Wavu wote upande wa kijito ulikuwa mweupe. Mihogo mibichi, iliyomenywa, ikalowekwa, ikamegwa vipande, ilikuwa imetandazwa kwa mpangilio mzuri chini kabisa ya antena yetu. Katikati yake alikuwepo bibi mmoja mwembamba, kanga kiunoni, anageuza vipande kimoja kimoja.

"Amahoro, wanangu," akatusalimia kwa neno la amani la lugha ya kwao. "Karibuni chanjani."

Ndivyo tulivyomfahamu Bibi Yusta. Pendo alimwamkia, akapiga goti kidogo kama alivyofundishwa kwao.

"Marahaba, mwanangu. Nyie ndo mlitujengea chanja hii? Siku nyingi nawatafuta niwashukuru, na kule getini yule mlinzi hana maneno ya kuongea na mtu."

Akatueleza huku mikono ikiendelea na kazi. Mwamba ule wanawake wa upande wa kijito walianikia mihogo tangu mama zao. Taabu yake ilikuwa mbuzi, na jiwe kutokwa jasho asubuhi hata mihogo ikaota ukungu. Kisha wakasikia mradi utawasaidia wananchi. Wakaona mradi umeleta wavu wa waya, umeunyanyua kwa miguu ili upepo upite chini, umezungushia miiba mbuzi wasifike, na mtu akisogeza tawi moja anapita. Chanja bora kuliko hiyo hawajawahi kuiona.

"Lakini bibi," nikasema, "hapa ni marufuku kuingia. Kuna kibao."

"Nimekiona. Kina ng'ombe." Akanitazama kwa huruma, kama anayemtazama mtu aliyezeeka kabla ya kujifunza kusoma picha. "Mimi si ng'ombe."

Pendo alikaa chini juu ya mwamba. Nilimsogelea nikidhani analia, kumbe anacheka, lile cheko lisilo na furaha ndani. Aliuliza wanaleta mihogo mipya kila baada ya muda gani. Bibi akasema wanapokezana. Ya mmoja ikikauka, mwingine anatandaza ya kwake, karibu kila wiki. Pendo akaitikia kwa kichwa. Hakuna aliyehitaji kufungua daftari kulinganisha na michoro: mihogo ikiwa na maji, bonde lina kina; ikikauka, bonde linaisha.

Bado, wenzangu, ushahidi ulikuwa haujakamilika. Labda mihogo ilikuwa ikilichezea tu bonde la kweli, na ikiondolewa bonde lingebaki. Nilimwambia hivyo tukiwa palepale. Nilitaka sana liwe hivyo.

"Nami nataka, baba," akasema. "Ndo maana lazima tuondoe."

Mlinzi, alipoitwa na kuona aibu iliyomfika, alishauri mihogo yote imwagwe korongoni. Ilikuwa imetoka majini siku ile ile. Ikirundikwa ingeoza, na ile ilikuwa chakula cha nyumba ya Bibi Yusta na wajukuu zake mpaka mvua. Pendo alikataa hata kulijibu wazo hilo. Alimgeukia bibi.

"Bibi, mashine yetu inaumwa. Tunafikiri ni unyevu wa mihogo ndo unaiumiza. Tukikujengea chanja nyingine, ya kwako kabisa, utatukubalia tuihamishe?"

Bibi Yusta aliinuka akatazama antena kwa mara ya kwanza kama kitu chenye uhai. Uso ulimbadilika.

"Mmh. Mbona hamkusema? Mimi naanika, kumbe kuna mgonjwa hapa."

Tulikata miti na matete siku hiyo hiyo, tukajenga chanja ng'ambo ya kilima, karibu na kijito, tukaifunga kwa kamba za miti. Chanja ile niliijenga mimi. Bibi Yusta aliikagua, akatikisa kila mguu, akaniambia mguu wa kushoto si kazi ya fundi. Nikaurudia. Kisha tukahamisha mihogo kwa beseni, mlinzi, mimi, Pendo na bibi, kupanda na kushuka, na Pendo ndiye aliyebeba nyingi kuliko wote. Tuliosha wavu, tukaufuta, tukatoka, tukaanza kupima upya.

Kungoja kule kulikuwa kugumu kuliko mlingoti wowote niliowahi kupanda. Vipimo vya siku chache havitoshi kusema lolote, na Pendo alijikataza kuchungulia. Alipungua mwili. Kila alipokuja kugeuza mihogo yake, Bibi Yusta alipita chumba cha mashine, akasimama mlangoni bila kuingia, kama anavyosimama mtu penye mgonjwa, akauliza, "Leo ameamkaje?"

"Bado tunamwangalia, bibi."

"Mpeni muda. Na mimi namwombea."

Nilitamani kumweleza aache kuomba, au angalau aombe kwa uangalifu zaidi, lakini ningeanzia wapi?

Siku Pendo alipotengeneza mchoro mpya, saa ya chakula cha mchana ilikuwa imepita, na hatukuwa tumekila. Nilisimama nyuma ya kiti chake. Mstari ulitokea upande wa kushoto, ukaenda, ukafika mahali pa bonde. Haukushuka. Ulipita pale ukiwa umenyooka, ukaendelea mpaka mwisho wa kioo. Pendo akaurudia tangu mwanzo. Ukatoka vilevile. Wavu ulikuwa safi, viungo vizima, mtambo ukipima vizuri kuliko ulivyowahi kupima tangu niufunge, na haukuwa na nyota yoyote ya kutuonyesha.

Nilimwekea mkono begani. Alikuwa akitazama tu. Nje tukasikia kandambili zikija, na Bibi Yusta akasimama mlangoni na sinia la unga mweupe, unga wa mihogo ile ile, ya kwanza kukaukia kwenye chanja yake mpya.

"Nimewaletea muonje," akasema. Kisha akaona tulivyokaa, akashusha sauti. "Mgonjwa je? Amepona?"

Nilifungua mdomo nimjibu mimi, nimpunguzie Pendo mzigo. Hakunisubiri. Aligeuza kiti akamtazama yule bibi usoni.

"Amepona, bibi," akasema. "Amepona kabisa."

Bibi Yusta aliweka sinia chini, akapiga makofi taratibu, akamshukuru Mungu kwa jina la kila mtu aliyekuwemo chumbani. Akavuka kizingiti kwa mara ya kwanza, akamkumbatia. Pendo akalia begani kwake, akalia kweli kweli, na yule bibi, akidhani ni furaha, aliendelea kumpigapiga mgongoni na kumwambia, basi mwanangu, basi, si ameshapona.